Myahudi Asibebeshwe Kosa la Mwingine

Abiria anayetoka Wenje, Tana River, kwenda Mombasa hupita Garsen, Malindi na Kilifi, kisha Kikambala. Hapo Kikambala, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise ililipuliwa kwa gari lililojaa mabomu wakati wageni kutoka Israel walipokuwa wakipokewa. Waliuawa Waisraeli 3, wawili kati yao watoto wa familia moja, na Wakenya 10, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni hao.

Mazungumzo ya mauaji kama haya hayachukui muda kabla ya mtu kusema, “Lakini Palestina je?” Mateso ya Wapalestina ni ya kweli, na serikali ya Israel inastahili kukosolewa kama serikali yoyote nyingine. Ila watoto wale hawakuwa serikali. Hakuna anayemsimamisha mtalii Mrusi ufukweni Malindi amjibie Putin. Myahudi ndiye anayetakiwa kwanza ailaani Israel ndipo ahesabiwe kuwa mtu.

Wapo wanaodai kwamba chuki dhidi ya Wayahudi imezaliwa na Israel. Historia ya Kenya yenyewe inawakanusha. Mwaka 1903, miaka 45 kabla ya Israel kuundwa, Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu. Wanandi hawakuulizwa, na hilo lilikuwa dhuluma. Lakini waliopiga kelele zaidi ni walowezi wazungu, Lord Delamere akiwa mbele. Watu waliokuwa wenyewe wamekuja juzi na kupewa ardhi ya wengine waliona Myahudi hafai kuja.

Uganda, mambo yalikwenda mbali zaidi. Karibu na Mbale wanaishi Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919. Hawakuwa na pasipoti ya Israel wala jeshi. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao vilevile, naye ndiye aliyemwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1972 akisifu mauaji aliyofanya Hitler.

Kisha ikaja Entebbe, Juni 1976. Watekaji wa ndege ya Air France waliwatenga Waisraeli na abiria wengine. Makomando wa Israel walipowaokoa mateka, bibi mmoja alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago: Dora Bloch, zaidi ya miaka 70. Watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Hasira haikuishia kwake. Kwa kuwa ndege za Israel zilitua Nairobi kujaza mafuta, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliwindwa na mamia wakauawa. Hakuna hata mmoja wao aliyeshauriwa na Jomo Kenyatta juu ya mafuta hayo. Walikuwa Wakenya, basi.

Mantiki hiyohiyo iliwakumba Wasomali wa Eastleigh mwezi Aprili 2014, walipokamatwa kwa maelfu na wengi kupelekwa uwanja wa Kasarani kwa sababu ya mabomu ya al-Shabaab. Waislamu wa pwani walilalamika, na walikuwa na haki. Anayelalamikia Kasarani hawezi, siku inayofuata, kumtaka kila Myahudi duniani ajibu kwa Gaza.

Tana River haihitaji kufundishwa mwisho wa mantiki hii. Tarehe 22 Agosti 2012, kijijini Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Ugomvi wa Wapokomo na Waorma ulikuwa wa malisho, mashamba na maji ya mto, lakini waliouawa hawakuulizwa kama waliwahi kuswaga ng’ombe shambani kwa mtu au kukata njia ya mifugo. Kabila lilitosha. Wiki chache baadaye ikawa zamu ya upande mwingine, na Kilelengwani hata polisi waliuawa. “Samaki mmoja akioza, wote wameoza” ni methali ya soko la samaki. Watu wa delta ya Tana wamekwisha kuona inavyofanya kazi kwa binadamu.

Kwa hiyo wahubiri, maimamu na walimu wa Wenje na Garsen wanaombwa jambo moja. Wanapozungumzia vita vya Mashariki ya Kati, waitaje serikali, wamtaje waziri, walitaje jeshi na tendo lililofanyika, na wakome kusema “Wayahudi” pale ambapo wao wenyewe wasingevumilia kusikia “Wapokomo” au “Waorma”.