Dua Haiondoi Dawa



Baada ya darsa mjini Voi, mama mmoja alitujia kwa unyonge. Bintiye ana kifafa, na jamaa wamemshauri aache dawa za hospitali kwa kuwa, wasemavyo, mtoto amepandwa na jini. Tumeona jibu letu liwafae na wengine.

Wazazi wetu, Mola ameupanga mwili kwa nidhamu. Ubongo na uti wa mgongo ndio makao makuu. Humo hutoka mishipa ya fahamu, jozi 12 ubongoni na jozi 31 katika uti, ikatawanyika hadi ncha za vidole. Mkazi wa Voi ataufahamu mfano huu: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ni kama uti, na njia ichepukayo kwenda Mwatate na Taveta ni kama mshipa. Mishipa mingine hupeleka habari ubongoni, mingine huleta amri. Ukigusa chungu cha moto, uti huuondoa mkono kabla ubongo haujahisi maumivu. Na ipo mishipa iendeshayo moyo na tumbo hata tulalapo.

Habari hizo hupita kwa nguvu ndogo za umeme. Kifafa hutokea umeme huo unapofumka ubongoni kwa wingi, bila mpango. Si aibu ya ukoo, wala povu la mgonjwa haliambukizi.

Aangukapo, mwondoleeni vya kumuumiza, mlazeni ubavu, msimtie kijiko kinywani. Zikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali. Asiachwe peke yake mekoni wala kisimani. Dawa zisikatizwe ghafla, kwani huenda likaja anguko kubwa zaidi. Hata Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula. Aulizwe daktari kwanza.

Zama za Mtume (s.a.w.), bibi mwenye kifafa alimwendea kuomba dua. Mtume hakumtahayarisha, bali alimbashiria Pepo kwa subira yake. Naye akaridhika, ila akaomba aombewe asifunuke mwili aangukapo, akaombewa. Basi nasi tuwasitiri binti zetu kwa kanga, na tuwasitiri kwa ndimi zetu pia.

Yule mama tulimwambia: msomee mwanao dua, na saa ya dawa ikifika, mpe dawa. Aliyeteremsha maradhi ndiye aliyeteremsha na tiba.

Wabillahi tawfiq.