Mpimeni kwa Kimwani

Mtoto wa miaka saba yuko darasa la kwanza, Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Mwalimu anamwuliza jina lake kwa Kireno. Kimya. Anarudia swali kwa ukali. Kimya vilevile. Hukumu imeshatoka: bubu huyu, au mzito wa akili, au vita vimemharibu. Hakuna aliyemwuliza kwa Kimwani, lugha ya nyumbani kwao!

Hiyo ni dhuluma, na inawaumiza watoto wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni mzima kabisa. Nyumbani anapiga soga hadi bibi yake anamwomba apumzike, ila Kireno hakukisikia mpaka alipoingia shule. Wa pili ana shida ya kweli. Hata kwa Kimwani haungi maneno matatu, na akitumwa kikombe kilicho nyuma ya mlango anasimama tu, anakutazama usoni. Huyu ndiye tunayempoteza. Darasa zima halijui Kireno, nani atamwona? Wala si mmoja wa ajabu: utafiti wa Uingereza ulikuta watoto wapatao wawili katika kila darasa la 30 wana tatizo la lugha. Kwetu ongezeni malaria. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba mtoto aliyepona malaria iliyopanda kichwani anaweza kubaki na kasoro ya usemi miaka kadhaa baadaye. Sisi homa ikishuka tunashukuru Mungu, tunarudi nyumbani, na hakuna anayefuatilia.

Halafu vita. Tangu Oktoba 2017 watu zaidi ya milioni moja wamehama makwao jimboni humu. Mtoto aliyekimbia Palma Machi 2021, risasi zikilia nyuma yake, ana kila sababu ya kunyamaza, na anahitaji msaada wa aina yake. Lakini sasa kila kimya kinasukumiwa vita. Mama anasema, "Huyu hasemi tangu kabla hatujakimbia," na hasikilizwi.

Msimlaumu mama huyo. Amekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtoto akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Wapo wanaofika hadi kwa mkata kimeo, mtoto akatoka damu. Kisu hicho nakilaani wazi, kwa sababu kukata kimeo hakumfanyi mtoto aseme, kunamtia jeraha na hatari ya maambukizi. Ila mama amefanya alichokijua, maana zahanati haikumwambia kingine.

Serikali haina kisingizio. Msumbiji iliridhia mwaka 2012 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Elimu ya lugha mbili ilianza rasmi 2003, na Kimwani kimo katika lugha zake. Hapo Afungi, jirani na Palma, kuna mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Mnaniambia hakuna fedha za kumfundisha nesi mmoja kila wilaya, mzaliwa wa huku, namna ya kumpima mtoto usemi?

Masikio yapimwe kwanza, kwa sababu sikio linalotoa usaha huzuia maneno. Kisha mtoto asikilizwe kwa lugha ya nyumbani kwao, mama akiwa pembeni, na maneno ya mama yaandikwe kwenye kadi. Anayechelewa apangiwe mazoezi ambayo mama anaweza kuyafanya jikoni: kumwangalia usoni, kumtajia anachokishika, kuyarefusha maneno yake bila kumkaripia. Mwenye kigugumizi aachwe amalize. Na mwalimu yeyote asiandike "bubu" kwenye daftari la shule kabla hayo hayajafanyika.