Usiombe apewe moyo wa kukupenda

Aliletwa na mama yake, ingawa ana miaka 24 na ndevu zake. Mama ndiye aliyeanza kusema: mtoto halali, hali, kifua kinamdunda, suruali zinamvuka. Walikuwa wameshapima malaria mara tatu, wameshapima taifodi, wameshanunua dawa za vidonda vya tumbo. Mganga mmoja aliwaambia amerogwa. Kwenye maombi fulani wakaambiwa ni jini mahaba. Wakati wote huo kijana alikuwa ameinamia simu yake.

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Alipotoka, kijana akaniambia kwa sauti ndogo, "Dokta, kuna dada wa kwaya." (Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, nami nimechoka kukanusha.)

Amemwambia yule dada mara mbili kwamba anampenda. Mara zote mbili dada amemjibu kwa heshima kwamba hapana. Miezi saba ilikuwa imepita, na kijana alikuwa bado anahesabu: leo ameniangalia, jana hakuniangalia, juzi alicheka niliposema jambo. Ameniruhusu niandike habari zake kwa sababu anaamini wako wengi, na mengine nimeyageuza ili asitambulike.

Anavua dagaa kutoka mwalo mmoja wa Ilemela. Msomaji wa Kanda ya Ziwa unaijua kazi ile. Wanaingia ziwani usiku wa giza, taa zinawaka juu ya maji, dagaa wanazifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi wanabaki nchi kavu. Nilimwuliza ni usiku upi unaomwumiza zaidi. Akafikiri, kisha akasema: mbalamwezi. Wakati wa giza anavuta nyavu hadi alfajiri, mikono inauma, moyo unapumzika. Mbalamwezi hana kazi, ana simu.

Nimekaa na jibu lile siku nyingi. Kama angekuwa amerogwa, basi huo ni uchawi unaofuata ratiba ya dagaa.

Hali hii, ya kumpenda mtu asiyekupenda hadi akili ikose nafasi ya kitu kingine, ni ya zamani kuliko hospitali zetu. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliiandika miongoni mwa maradhi ya akili, na akaeleza namna ya kuligundua jina ambalo mgonjwa analificha: shika mapigo ya mkono wake, taja majina ya watu na mitaa, angalia ni wapi mapigo yanabadilika. Karibu zaidi na siku zetu, mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov aliitungia jina lake na kuichapishia kitabu mwaka 1979. Alilosisitiza ni hili: kinachoilisha hali hii ni matumaini yaliyochanganyika na mashaka. Mtu akijua kabisa kwamba hapendwi, moto hupungua taratibu. Akidhani labda, labda, moto unaongezewa kuni kila siku.

Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 waliokuwa wamekataliwa na wapenzi wao na bado wanawapenda. Waliwaweka kwenye mashine ya MRI na kuwaonyesha picha ya yule aliyewakataa. Sehemu za ubongo zilizoamka ni za hamu na zawadi, zikiwemo zile zinazohusishwa na kiu ya kokeini. Kwa hiyo mzazi, unapomwambia mwanao "msahau tu", unamwambia jambo la kweli ambalo kwa leo hana uwezo nalo. Na wewe unayeumwa, kila unapofungua WhatsApp kuona ameweka picha gani, unajipa kidonge kidogo cha kile unachotaka kukiacha.

Sasa nije kwenye imani, kwa sababu huku kwetu mtu wa namna hii hupita kanisani kabla hajafika zahanati, na wengi hawafiki zahanati kabisa. Mimi ni Mkristo na ninaamini imani inaponya jambo hili. Nimeiona ikiponya. Nimeiona pia ikilitia petroli, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Yule kijana alikuwa anafunga siku tatu kila wiki. Jina la dada aliliandika kwenye karatasi akaliweka ndani ya Biblia. Kila usiku, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, aliomba Mungu ambadilishe yule dada moyo. Rafiki yake wa maombi alimwambia ameonyeshwa kwamba huyo ndiye mke wake. Hebu tupige hesabu bila kumkosea Mungu heshima. Saa mbili za kumtaja mtu ni saa mbili za kumwaza. Tumbo tupu na macho yasiyolala hudhoofisha mwili wa yeyote, aliyeokoka na asiyeokoka. Na neno "umeonyeshwa" ndilo lile labda la Tennov, safari hii likiwa limevaa joho. Nani atakata tamaa akiwa ameahidiwa na Mungu mwenyewe?

Ninasema wazi, hata kama watakuwepo watakaokasirika: mtu anayemwambia mgonjwa wa mapenzi kwamba Mungu ameshampa yule anayemkataa, anamdhuru. Tofauti yake na mabango ya waganga yanayoahidi kumrudisha mpenzi ni ndogo mno. Wote wawili wanauza matumaini kwa mtu ambaye matumaini ndiyo yanayomwua.

Aliyemsaidia kijana wetu ni mchungaji wake, mzee asiye na makeke. Hakukemea jini. Alimsikiliza jioni nzima, kisha akamwuliza kama Paulo aliomba mara ngapi kuondolewa ule mwiba. Mara tatu, iko kwenye 2 Wakorintho sura ya 12. Akajibiwa hapana, akaacha kuomba hilo, akaendelea na safari. "Wewe umeomba miezi saba," mchungaji akamwambia, "na dada mwenyewe ameshakujibu. Tubadilishe ombi." Kuanzia siku hiyo ombi likawa fupi: nisaidie nimwache. Mara moja asubuhi, mara moja usiku, bila kutaja jina, kisha alale. Mfungo ukasitishwa. Karatasi ikatoka ndani ya Biblia.

Ninalipenda ombi hilo kwa sababu linageuza mlango. Ombi la kwanza lilimtazama dada na kutaka Mungu amshike mkono kwa nguvu. La pili linamtazama anayeomba. Katika mafundisho ya Kikristo kitu chochote kikikalia kiti cha Mungu moyoni kinaitwa sanamu, hata kiwe kizuri namna gani, na sanamu haiondoki kwa kuendelea kuipigia magoti. Huko kliniki tungetumia maneno mengine, lakini kazi ni ileile.

Mchungaji alifanya na mambo mengine ambayo ningeyaandika kwenye karatasi ya dawa kama ingeruhusiwa. Alimtoa kwenye kwaya kwa muda na kumhamishia ibada nyingine ya Jumapili. Wapo waliolalamika kwamba afadhali angehamishwa dada "aliyesababisha". Hapana. Dada hakukosa lolote. Aliyetakiwa kupisha ni anayeumwa. Alimpa mzee mmoja wa kumwungamia, ili usiku wa mbalamwezi mkono ukiwasha kutuma ujumbe ampigie mzee kwanza. Yakobo sura ya 5 inashauri waumini waungamiane na kuombeana, na mimi naona hiyo ni tiba ya mazungumzo iliyotangulia vyuo vyetu. Na alihakikisha anakula. Ukisoma habari za Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19, alipoomba afe chini ya mti, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena.

Hapa niseme neno kwa marafiki. Mnaomwambia mwenzenu "bandu bandu huisha gogo", mtu si gogo. Aliyesema hapana akiendelea kubanduliwa kwa simu, zawadi na kungojewa njiani, huo ni usumbufu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaugusa pale unapofanywa kwa ujumbe wa kumsumbua mtu. Amnoni mwana wa Daudi alikonda kwa kumtamani Tamari, soma 2 Samweli sura ya 13. Alikuwa na rafiki mwerevu aliyemfundisha mbinu badala ya kumfundisha kuacha. Mwisho wake Amnoni alimbaka, na saa ileile akamchukia kuliko alivyokuwa amempenda. Ninyi wazazi wenye mabinti, msimwambie binti yenu "mwonee huruma kijana wa watu". Hapana yake ikiwa moja na ya wazi, inamsaidia kijana kuliko huruma ya nusu nusu.

Mama wa kijana wetu alikuwa ameshapanga kwenda kwa wazazi wa dada na kilo zake za sukari kuwaomba. Nilimsihi asiende. Safari ile ingefufua labda iliyokuwa inaanza kufa. Kazi ya mzazi ni ya nyumbani: kumpa mwanao jambo la kufanya saa zile mbaya, kukaa naye kwenye chakula, kutomcheka mbele ya wadogo zake, na kutomletea mchumba mwingine haraka haraka kwa kudhani dawa ya moto ni moto. Huyo atakayeletwa naye ana moyo.

Upo mpaka ambao ukivukwa, maombi peke yake hayatoshi. Mwanao akianza kusema ni heri afe, akigawa vitu vyake, akikataa kula siku mbili tatu, au akitishia kumdhuru anayempenda au aliye naye, usingoje Jumapili. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake, na dawa na sumu za shambani zifungiwe kwa ufunguo. Vivyo hivyo akiamini kwamba mtu ambaye hata hamjui, labda mtangazaji wa redio au mhubiri maarufu, anampenda kwa siri na kumtumia ishara. Hiyo siyo tena huzuni ya kukataliwa. Ni imani potofu ya ugonjwa, daktari wa Ufaransa de Clérambault aliieleza tangu mwaka 1921, na inahitaji daktari wa akili. Sonona nayo hujificha nyuma ya mapenzi, na ina matibabu.

Kwa wakazi wa Mwanza, anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, au Sekou Toure. Bugando wanao madaktari wa magonjwa ya akili. Na yule anayesema kwenda hospitali ni kukosa imani, ainue macho akitazame kilima cha Bugando. Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya maaskofu wa Kanisa Katoliki. Waliojenga pale hawakuona ugomvi kati ya sala na sindano. Wasomaji Waislamu mnisamehe kwa kusema leo lugha ya kanisa. Naamini sheikh mwenye busara atawaambia jambo linalokaribiana na hili kuhusu kuomba na kuridhika na alichopanga Mungu.

Kijana wetu tulikutana tena baada ya mbalamwezi ya tatu. Uzito umerudi kiasi. Analala, si kila usiku. Siku hizi mwezi ukiwa mkubwa anakwenda kwa mjomba wake kushona nyavu za watu kwa malipo, na simu anaiacha kwa mama. Nilimwuliza kama amepona. Akacheka, akasema dada amechumbiwa, na aliposikia alilia lakini chakula cha jioni alikula. Namba yake ameifuta, ingawa kichwani bado anaikumbuka yote, hadi tarakimu ya mwisho.