Ushanga wa Wafugaji: Bei Nzuri Ipo, Ila Humfikia Nani?

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika kaunti kame na nusu kame za Kenya. Katika boma la mfugaji, hasara hiyo haikuwagusa wote kwa namna moja. Ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mwanamume, lakini maziwa ambayo mama huwalisha wanawe na kuuza kinachobaki ndiyo hukauka kwanza. Kwa mjane, au kwa msichana aliyekatiziwa masomo akaozwa mapema, kutunga ushanga kulibaki kuwa mojawapo ya kazi chache zisizosubiri mvua wala kudai cheti.

Serikali ilikwisha kuliona hilo kabla ya ukame huo. Mwaka 2017 ilianzisha Mpango wa Ushanga Kenya kwa ajili ya wanawake wa jamii za wafugaji katika kaunti saba: Baringo, Kajiado, Marsabit, Narok, Pokot Magharibi, Samburu na Turkana. Lengo lilikuwa kuufanya ushanga, uliozoeleka kama pambo la sherehe na bidhaa ya kuuziwa watalii wanaopita, uwe biashara kamili yenye viwango vya ubora, mitindo mipya na vyama vya ushirika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ustadi wenyewe haukuwa umepungua. Msichana wa Kimaasai au wa Kisamburu hujifunza kutunga kwa mama na nyanya yake, na hujua kwamba nyeupe ni maziwa na usafi, nyekundu ni damu na ushujaa, buluu ni anga iletayo mvua, na kijani ni malisho. Kidani cha bibi harusi humtambulisha kwa wanaojua kukisoma. Kilichopungua kiko mahali pawili: mwanzo wa kazi, yaani malighafi, na mwisho wake, yaani soko.

Shanga za kioo hazitengenezwi na watungaji wenyewe. Zililetwa bara na misafara ya biashara kutoka pwani, na hadi leo huagizwa kutoka nje, hususan Jamhuri ya Cheki na China. Zile za Cheki hupendwa kwa kuwa punje zake hulingana na rangi yake haipauki upesi, ila bei yake ni ya juu. Kwa hiyo kila shilingi inaposhuka thamani, au mwuza duka mjini anapoongeza faida yake, anayeumia ni mama aliye mwisho wa mnyororo, anayenunua kidogo kidogo kwa bei ya rejareja.

Mfano wa njia tofauti upo Nairobi. Kiwanda cha Kazuri, kilichoanzishwa mtaani Karen mwaka 1975 na Susan Wood kwa kuanza na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, hutengeneza shanga za udongo wa humu nchini, zikafinyangwa, zikachomwa na kupakwa rangi kwa mkono. Kilikua hadi kuajiri mamia ya wanawake. Si kila kijiji kinaweza kuwa na tanuri la kuchomea udongo, na Mmaasai hataacha kioo kwa ajili ya udongo. Hata hivyo, funzo la malighafi ya nyumbani na mshahara unaojulikana halipaswi kupuuzwa.

Upande wa soko ndio mgumu zaidi. Ichukuliwe hesabu ya mfano: mkufu unauzwa jijini kwa shilingi 1,500. Mama ametumia shilingi 350 kwa shanga, nyuzi na vifungio, akautunga kwa siku tatu, kisha dalali akaununua kijijini kwa shilingi 600. Baada ya gharama amebakiwa na shilingi 250, yaani takribani shilingi 83 kwa siku. Dalali naye ana nauli na hatari zake, na bila yeye huenda mkufu usingeuzwa kabisa. Lakini mgao huo hauwezi kumtoa mtu katika ufukara, hata akitunga usiku na mchana.

Hapa ndipo ushirika unapopata maana. Sheria ya Vyama vya Ushirika huruhusu watu kumi kuunda chama. Kikundi kinachonunua shanga kwa jumla na kuuza kwa jina lake hupunguza gharama mwanzoni na kujiongezea sauti mwishoni. Mtaji unaweza kuombwa kutoka Hazina ya Biashara za Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007. Aidha, asilimia 30 ya zabuni za Serikali zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zawadi za wageni katika mikutano ya kitaifa zingeweza kununuliwa kwa njia hiyo.

Mitindo nayo ina kinga: Sheria ya Ulinzi wa Maarifa Asilia na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 huipa jamii haki juu ya sanaa yake. Kinga hiyo haitafaa kitu iwapo mtungaji wa Loitokitok au Maralal hajui kuwa ipo.

Taarifa za miradi ya aina hii mara nyingi hutaja idadi ya wanawake waliopewa mafunzo. Takwimu yenye uzito zaidi ni nyingine: katika kila mkufu uliouzwa, ni shilingi ngapi zilizorudi kijijini, na zilichukua siku ngapi kufika.