Funika Kombe

Kuna mgahawa mmoja Masaki, Dar es Salaam, ambao chakula chake huletwa kwa visahani. Zeituni sita. Vipande vitatu vya pweza. Viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi mwekundu. Wahispania huviita tapas, na kila aliye mezani hudokoa kila kisahani. Alinipeleka rafiki yangu tunayesoma naye shahada ya uzamili, siku aliyolipwa pesa ya kukusanya takwimu. Mhudumu akatueleza taratibu, kama katekista, kwamba hapo watu hula pamoja. Nikatikisa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza nasikia habari hizo. Mimi, mtoto wa Hanga, niliyekua nikigombea tonge kwenye sinia moja na watoto wengine watano!

Akatuambia pia kwamba neno tapa maana yake ni kifuniko: inasimuliwa kuwa zamani watu waliweka kipande cha mkate juu ya glasi ili nzi wasiingie. Nilitoka pale na neno hilo kichwani.

Krismasi ikawa zamu yangu, nikamleta kwetu. Kutoka Dar hadi Songea kwa basi ni siku nzima. Hanga, penye abasia ya Wabenediktini, iko mbele zaidi, upande wa Namtumbo. Tulikuta mama amepika wali kwa kuku. Kila mtu sahani yake, kijiko chake, soda yake. Nyuma ya nyumba, jikoni, watoto walikuwa wamezunguka ugali, na harufu ikatufikia sebuleni: likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, uyoga wa porini, dagaa wa Nyasa.

"Mama, huko jikoni kuna nini kinachonukia hivyo?" rafiki yangu akauliza.

Mama akaniangalia mimi. Nikajibu, "Hamna kitu. Chakula cha watoto tu."

Funika kombe, mwanaharamu apite. Ila safari hii mwanaharamu alikuwa mgeni wetu, na aliyefunika ni msomi wa nyumba.

Usiku ndipo nilipojua soda zimetoka wapi. Mama aliuza mayai. Mayai yale yale ambayo nilimsisitizia kwa simu ampe mpwa wangu wa miaka miwili.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo, na ninagombana na sisi tuliosoma. Ruvuma ni ghala la mahindi la nchi hii. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na Ruvuma iko juu ya wastani huo. Gunia la mahindi peke yake halikuzi mtoto. Mtoto anataka kunde, mboga, dagaa, yai. Anataka visahani.

Sisemi kwamba soda ya mgeni mmoja imedumaza mkoa. Umaskini upo, maradhi yapo, kina mama wanashinda shambani. Ninachosema ni kwamba sisi tunaorudi likizo na mabegi ya magurudumu tumewafundisha wazazi wetu nini cha kuonea aibu. Tukila dagaa kijijini, ni shida. Wakiwekwa wanne kwenye kisahani Masaki, tunawapiga picha.

Utaniambia mgeni hupewa kilicho bora. Sawa, lakini nani aliamua kwamba kilicho bora ni wali na soda? Mama hakuamua. Alikuwa anasoma uso wangu. Mwaka wa kwanza nilirudi kutoka chuo nikalisogeza likolo pembeni kwa kidole, nikauliza kama hakuna kitu kingine. Mimi nilishasahau. Yeye hakusahau.

Wala silisifu sinia kama pepo. Firigisi ilikuwa ya baba, nyama za wakubwa, sisi tukaambulia mchuzi. Kula pamoja hakumaanishi kula sawa, na hilo nalo tuliseme nyumbani badala ya kuliandikia tasnifu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukipanga kwenda kwenu na mgeni, piga simu mapema. Sema, "Mama, tupikie mnachokula, na mayai usiuze." Kisha ukifika, uwe wa kwanza kunawa na kumega.

Tulipokuwa kituoni Songea tukisubiri basi la alfajiri, rafiki yangu aliniuliza, "Kile kilichokuwa kinanukia kilikuwa nini hasa?" Nikamweleza vyote, kimoja kimoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mlininyima."

Sikuwa na jibu. Basi likaja, tukapanda.