DENI LIKIISHA, LIISHE NA KWENYE DAFTARI

Ndugu wafanyakazi,

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Siku hizi mfanyakazi analipa, na ugonjwa unabaki palepale.

Tuchukue mfano. Mwenzetu anadaiwa na benki shilingi 40,000. Kazi ilisimama, akashindwa kulipa. Siku moja anapigiwa simu: "Leta 20,000, tumalizane." Anauza mbuzi, anachangiwa na ndugu, anapeleka. Anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Miezi michache baadaye anaomba kazi, anaambiwa alete cheti cha CRB. Huko anaambiwa: bado unadaiwa 20,000.

Kosa liko wapi? Walipatana kwa mdomo, na daftari halina masikio. Benki isipopeleka habari ya mapatano, ile nusu iliyosamehewa husomwa kama deni.

Na hata ikipelekwa, ndugu, msijidanganye. Kusamehewa nusu si kufutiwa jina. Habari ya kushindwa kulipa hukaa CRB miaka 5, nayo huhesabiwa tangu siku deni lilipomalizwa. Mkopeshaji mwingine akiifungua anaweza kuona kwamba ulilipa pungufu. Basi kukimbia deni hakufai: usipolimaliza, hiyo miaka 5 haianzi.

Wakopeshaji watasema, "Lazima tumjue tunayemkopesha." Vema, hilo hatulikatai. Lakini mwajiri anakukopesha nini? Yeye analipa mshahara kwa jasho ulilokwisha kulitoa. Kumnyima mtu kazi kwa sababu ya deni ni kumfunga mikono, kisha kumwambia alime shamba alipe.

Tena tusiambiwe kwamba daftari haliwezi kusafishwa. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango juu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama. Benki zilitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni, na kubadili hali ya mkopaji kwenye daftari kutoka mbaya kuwa nzuri. Mpango ule ulikwisha Mei 2023. Kama kalamu iliweza kuandika hivyo wakati ule, nani ameivunja leo?

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, kila anayepatana na mkopeshaji apewe barua siku ileile, na CRB ipewe habari bila kukawia. Pili, waajiri waache kutumia cheti cha CRB kama kufuli la mlango wa kazi.

Nanyi wanachama, fanyeni hivi. Usitoe hata senti kabla ya kupata barua inayotaja kiasi utakacholipa, inayosema kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, na inayoeleza CRB itaandikiwa nini. Weka risiti pamoja na barua hiyo. Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako ya CRB mara moja bila malipo: iombe, uisome. Ukiona uongo, pinga kwa maandishi. Usiyeelewa, mlete mwakilishi wako wa chama asome pamoja nawe.

Mtu mmoja akilalamika huambiwa angoje. Tukisema sote, watatusikia.

UMOJA NI NGUVU.