Rais Akichagua Kamera, Nani Anabaki Nje ya Picha?

Hebu tuongee, wewe unayesoma hii ukingoja feri ama umekaa maskani hapa Shika Adabu. Dokumentari za marais ni za aina mbili: ile anayoigiza mwenyewe, na ile ambayo wakubwa hawataki uione.

Ya kwanza ni The Royal Tour. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza Tanzania mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, kuanzia Zanzibar hadi Serengeti. Filamu ikazinduliwa New York Aprili 2022. Sikatai, ilisaidia. Watalii wa nje walikuwa laki 9 na ushei mwaka 2021, wakafika milioni 1.8 mwaka 2023. Lakini corona nayo ilikuwa imelegea na ndege zimerudi, kwa hivyo sifa zote si za filamu. Na Juni 2022, wiki chache baada ya uzinduzi, Wamaasai wa Loliondo, jirani kabisa na Serengeti, walikabiliana na polisi juu ya mipaka ya ardhi. Mgogoro huo ni wa miaka mingi.

Ya pili ni ya kwetu: Blood Parliament. BBC Africa Eye waliitoa Aprili 28, 2025, wakichunguza nani waliwapiga risasi waandamanaji pale Bunge Juni 25, 2024. Maonyesho yake Nairobi yakafutwa. Siku chache baadaye watengeneza filamu wanne wakakamatwa, na BBC ikasema hawakuhusika kuitengeneza.

Sasa shika hili: uchunguzi ule ulipitia picha zaidi ya 5,000, zikiwemo za watu waliokuwa pale pale. Yaani kamera ilikuwa mfukoni mwa vijana kama wewe.

Agosti 2027 tuna uchaguzi. Filamu tamu za maendeleo zitakuja, tena nyingi. Usizikimbie, zitazame. Ila jiulize: nani amelipa? Nani amehojiwa? Nani hayupo?

Na ukirekodi jambo mtaani, hifadhi ile faili yenyewe ya simu. Usitegemee uliyotuma WhatsApp, maana ubora hushuka na tarehe ya kamera hupotea. Huwezi jua, huenda kesho hiyo ndiyo ikawa shahidi pekee.